Hesabu za Nyumba Mbili

Mdogo wangu aliponunua kochi la kona, nilikosa hamu ya kula kwa siku mbili. Sitii chumvi. Kochi lenyewe lilikuwa la kijivu, lenye vitambaa vinavyotolewa na kufuliwa. Nilipokaribishwa kulikalia nililisifu kwa sauti kubwa, nikaomba maji ya kunywa, na hapohapo nikaanza kulipigia hesabu. Kwa kipato chake na cha mumewe kochi lile halikuwezekana. Nililigeuza upande huu na upande ule, halikuwezekana.

Naomba mnielewe, hesabu ndiyo kazi yangu. Mimi ni karani wa mishahara katika kiwanda cha sabuni, huu mwaka wa kumi na sita, na mji wetu ni mdogo kiasi kwamba nusu ya watu ninaokutana nao sokoni najua wamepokea nini mwisho wa mwezi. Najua kipato cha mtu anayeishi chumba kimoja na kupikia mlangoni. Najua anayenunua nyama kila wiki yuko daraja gani la mshahara, anayepanga nyumba yenye bomba la ndani yuko daraja gani, na anayepeleka watoto shule yenye basi ni lazima awe msimamizi wa zamu au awe na mke mwenye kazi. Mtu akipita na viatu vipya namkadiria, na sikosei sana. Mume wangu husema ipo siku nitakadiria bei ya jeneza nikiwa msibani. Nilishakadiria mara mbili, ila sikumwambia.

Mdogo wangu ndiye pekee ambaye hesabu yake ilikataa kujibu. Yeye anashona mapazia nyumbani kwake. Mumewe, shemeji yangu, ni fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache anayetembea na bisibisi mfukoni hata harusini. Ukijumlisha mapato yao, mwezi mzuri na mwezi mbaya, hayafiki ya kwetu. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, na mimi nina mshahara usiokosa. Kwa kanuni zote ninazozijua, sisi ndio tuliostahili kochi. Lakini kwangu, ikifika tarehe ishirini ninaanza kupima mafuta ya kupikia kwa kijiko, na kwake tarehe hiyohiyo unamkuta anapaka ukuta rangi.

Kuna watu wanaomwonea wivu aliyewazidi kipato. Huo ni wivu mwepesi, unajiambia tu kwamba mwenzako ana pesa, unalala. Mdogo wangu alikuwa ananizidi akiwa na pesa pungufu, na hapo sikuwa na pa kujificha. Roho iliniuma. Wakati ule ungeniuliza ningekuapia kwamba nampenda, na kumpenda nampenda kweli. Nani kasema vitu hivyo viwili havikai nyumba moja?

Haya yote yangebaki kuwa maradhi yangu mwenyewe kama mama asingeanguka. Aliteleza kwenye ngazi za nyumba aliyokuwa amepanga, akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali daktari alisema asiishi tena peke yake. Mjomba, kaka yake mama, akamchukua kwake kwa muda, lakini mjomba mwenyewe ni mgane wa miaka sabini na mbili anayekula chai na mkate mara tatu kwa siku. Baba alitutoka zamani, na tumezaliwa wawili tu. Ilikuwa wazi kwamba mama atahamia kwangu au kwa mdogo wangu.

Nilimtaka mama. Naliweka hili mbele kabla ya mengine, kwa sababu baadaye lilionekana vingine. Mimi ndiye ninayemkata kucha za miguu tangu alipoacha kuweza kuinama. Niliwahamishia wanangu sebuleni, nikanunua kitanda cha futi tatu na nusu, nikaondoa zulia la koridoni asije akajikwaa, na mume wangu akafunga chuma cha kushikia chooni. Nilikuwa nikitoka kazini naingia chumba kile, nakaa tu kitandani, nanusa rangi mpya. Na kwa kuwa nimeshaanza kusema ukweli, niumalize: upande mmoja wa moyo ulikuwa ukisema, yeye abaki na kochi lake, mama atakuwa kwangu, na mji mzima utajua mama yuko kwa nani.

Wiki moja kabla ya kikao cha familia mjomba alinipigia simu. Alifanya kazi ya kutunza ghala miaka thelathini na moja, na mpaka leo kwake dunia ina safu tatu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Alitaka kila mmoja wetu aandike karatasi moja ya nyumba yake kwa mwezi, kwa safu hizo tatu, aje nayo Jumapili. Nikamuuliza ni ya nini. Akasema niilete tu. Mtunza ghala hamwambii mtu kwa nini anahesabu, maana ukishamwambia, atakuhesabia yeye.

Nilikaa mezani nikaandika. Mara ya kwanza niliandika ukweli mtupu. Kodi, ada za watoto, marejesho ya mkopo wa pikipiki ya mume wangu, nyama mara moja kwa wiki. Chini kabisa kikabaki kiasi kidogo, lakini kilikuwepo, na nikibana hapa na pale kingetosha kumtunza mama vizuri. Kisha nikaitazama karatasi ile kwa jicho la kikarani, nikaona ni maisha ya daraja la chini. Nikaiona na ya mdogo wangu, ingawa sikuwa nimeiona: mapazia ya tabaka mbili, jokofu la milango miwili, kochi. Mjomba ataziweka mbili pamoja, nikawaza, atasema mama apelekwe penye maisha mazuri, na atakuwa na haki.

Mshahara wangu wote wanaujua, kwa hiyo safu ya kilichoingia sikuweza kuigusa. Nikaenda kwenye kilichotoka. Nyama ikawa siku nne kwa wiki. Matunda yakawa ya kila siku, maziwa lita mbili. Kodi nikaipandisha mpaka ikafanana na ya nyumba za juu ya kilima. Nikaajiri dada wa kazi ambaye hajawahi kukanyaga kwangu, nikampa mshahara wa kueleweka. Nilipojumlisha, nikakuta matumizi yamezidi mapato, ikabidi nimpunguzie mshahara yule dada wa kazi asiyekuwepo, na nakiri nilimwonea huruma kidogo. Mwishowe safu ya tatu ikatoka sifuri.

Niliiona sifuri ile kuwa ya heshima. Miaka kumi na sita ofisini imenifundisha kwamba wanaobakiza ni wafagizi na walinzi. Mameneja ndio wanaokuja mlangoni kwangu tarehe kumi kuomba mshahara wa mbele. Mtu mwenye maisha ya juu habakizi kitu, hivyo ndivyo nilivyoamini, na nikaikunja karatasi nikaiweka kwenye bahasha safi.

Jumapili mume wangu alikuwa na kikao shuleni, nikaenda peke yangu. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao, mto mgongoni, fimbo magotini. Mdogo wangu na shemeji walifika wakiwa wamepakizana kwenye pikipiki. Alikuwa na mkoba mpya wa kitambaa, na kabla sijaitika salamu yake nilikuwa nimeshaukadiria.

Mjomba alivaa miwani, akaanza na karatasi ya mdogo wangu. Nyama mara moja kwa wiki. Hilo lilinipa nguvu, nikanyoosha mgongo. Kodi ndogo, kwa sababu shemeji anamtengenezea mwenye nyumba mitambo yake ya kugandisha samaki. Kwenye mstari wa vyombo na samani alikuwa ameandika: hatununui vipya. Mjomba akamuuliza na lile kochi je. Akajibu kwamba alilichukua mifupa mitupu kutoka ofisi moja iliyokuwa inahama, mumewe akagonga miguu, yeye akalivika kwa mabaki ya mapazia ya wateja. Basi, hilo ndilo fumbo lililoninyima chakula siku mbili. Nilipaswa kucheka. Badala yake nilikasirika zaidi, kwa sababu kununua kila mtu ananunua, lakini mikono kama ile sina. Safu yake ya tatu ilikuwa na kiasi kizuri kuliko nilivyotarajia, na mimi nikamhurumia kwamba anaishi kwa kubana hivyo.

Kisha ikasomwa ya kwangu. Mjomba aliisoma kwa sauti yake ya ghalani, kitu kimoja kimoja. Iliposomwa nyama siku nne, mama aliguna kidogo, nami nikadhani ni guno la kuridhika. Iliposomwa habari ya dada wa kazi, mdogo wangu aliinua macho akanitazama. Wiki tatu nyuma alikuwa kwangu, akanikuta nimepiga magoti nasugua sakafu mwenyewe. Alinitazama kwa muda, akafungua kinywa, akakifunga, kisha akarudisha macho kwenye mkoba wake.

Mjomba alivua miwani. "Kilichobaki, sifuri," alisema. "Mpwa wangu, sikulaumu. Umehangaika, unaishi vizuri, Mungu akuzidishie. Lakini ghala likijaa hatupokei mzigo. Mama yako nitampitisha wapi hapa?"

Sikuelewa mara moja. Nilibaki nimetabasamu, kama mtu aliyeitwa mbele kuchukua zawadi akakuta ameitwa mwingine. Ndipo mama aliposema, taratibu, akiangalia fimbo yake: "Mimi moyo wangu ulikuwa kwa mkubwa. Lakini sitaki kumvurugia maisha aliyoyazoea. Nitakwenda kwa mdogo."

Neno moja lingetosha. Nimedanganya. Ulimi nilikuwa nao, na nafasi nilikuwa nayo, maana wote walinigeukia kunisubiri. Lakini shemeji alikuwa pale na bisibisi yake, mdogo wangu alikuwa pale na mkoba wake, na mbele yao nisingeweza kuitoa ile nyama ya siku nne mdomoni mwangu. Nikasema sawa mama, nitakuwa nakuja kukuona. Ukubwa ni jaa, wanasema, mkubwa humezeshwa kila kitu, lakini siku ile nilimeza nilichokipika mwenyewe.

Jumatano niliomba ruhusa kazini mapema, nikaenda kusaidia kuhamisha vitu vya mama. Havikuwa vingi: begi mbili, redio na ndoo yake ya kuogea. Kwa mdogo wangu hakukuwa kumeandaliwa chochote, kwa kuwa hawakutarajia. Cherehani ilikuwa imesukumwa koridoni, na chumba cha kushonea kilikuwa na godoro chini na marobota ya vitambaa mpaka dirishani. Chooni hakuna cha kushikia. Nilizunguka humo ndani nikihesabu kila kilichopungua, na kila nilipokipata kimoja nilisikia raha.

Nilipotoka nilimkuta mama ameketishwa kwenye kochi. Alikuwa anapapasa kitambaa kwa kiganja. "Kochi hili laini," alisema, "na amelivika mwenyewe." Alisema kwa fahari, fahari ambayo mshahara wangu haujawahi kuipata. Hapo nikashindwa.

Nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia kwamba karatasi yangu haikuwa ya kweli. Nikamwambia yote: dada wa kazi hayupo, nyama tunakula Jumapili kwa Jumapili, kodi niliipandisha mwenyewe kwa kalamu. Nikamwambia chumba chake kipo, kitanda kipo, chuma cha chooni kipo, twende hata sasa hivi, begi zenyewe hazijafunguliwa. Nilidhani atacheka anigonge kichwani na fimbo.

Mama hakucheka. "Kwa hiyo uliongeza matumizi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ukaongeza mpaka pasibaki nafasi yangu."

Nikasema sivyo, mama, sivyo hata kidogo. Akaniuliza sasa ni nini. Nikamwambia nilitaka waone kwamba naishi vizuri. Akatikisa kichwa, akasema nyumba yangu wote wanaijua, wangeona nini kipya, na mtu anayetaka mgeni haandiki kwamba nyumba imejaa. Alikuwa na haki. Katika mji huu mtu akitia chumvi kwenye matumizi yake mbele ya ukoo, maana yake ni moja tu, anaukwepa mzigo. Hata mimi ningemsikia jirani kafanya hivyo, ningesema amemkimbia mama yake.

Sababu ya kweli ilikuwa chini ya mama, ameikalia. Ningemwambiaje mama kwamba nilimpoteza kwa ajili ya kochi la mabaki ya mapazia? Nikageuka kumtafuta mdogo wangu. Alikuwa amesimama mlangoni, mashuka mikononi, amesikia kila kitu. Kutoka kwangu maneno yale yalikuwa ni kujitetea. Yeye angesema mara moja tu, mama unamjua dada anavyopenda kuonekana, na mama angeamini.

"Mwambie mama," nikamwambia. "Wewe unanijua."

Mdogo wangu aliyaweka mashuka juu ya meza. Aliyapanga kingo kwa kingo, kwa mikono ile ya kupimia mapazia. Kisha akamwendea mama, akamshika chini ya kwapa. "Mama, umechoka," alisema. "Twende ukajinyooshe kidogo."

Mama aliinuka. Alipofika usawa wangu alisimama, akanishika bega ili apate mhimili. "Ungeniambia tu, mwanangu," alisema, bila hasira. "Una watoto, una ada. Ningeelewa." Akaniachia bega, akaenda ndani.

Nilimsubiri mdogo wangu nje, getini. Alikuja akijifuta mikono iliyokuwa mikavu. Nikamwambia anajua vizuri kwamba sikumkataa mama. Akasema anajua. Nikamwambia alijua tangu Jumapili, tangu aliposikia habari ya dada wa kazi. Akasema hata kabla, tangu nyama.

"Basi kwa nini hukusema?"

Alishika komeo la geti, akalisukuma mbele na nyuma. "Mimi nimevaa nguo zako mpaka nikaolewa," alisema. "Sikulalamika. Lakini nikienda kumwona mama, dada, hata sijakaa, ananiuliza dada yako hajambo, dada yako kazini wamempandisha cheo, dada yako anakula? Namtengenezea mapazia, anasema dada yako angeyapenda haya. Miaka yote. Nikisema Jumapili ile, angekwenda kwako siku hiyohiyo, na mimi ningemsaidia kubeba begi. Nikisema leo, ni vilevile." Akaacha komeo. "Nakuonea wivu tangu sijajua kusoma. Sasa nimempata. Usiniombe nimtoe."

Nilikuwa na matusi tayari, mengine nimeyatunza tangu siku ya kochi. Lakini nilimtazama usoni, nikaliona lile jicho, mdomo ulivyokazwa upande mmoja, shingo ilivyotoka mshipa. Naujua uso huo, naunawisha kila asubuhi. Mimi ningekuwa pale mlangoni na mashuka, ningenyamaza vilevile, na wala nisingekuja getini kujieleza. Nikafungua geti, nikaondoka.

Nilifika kama nyumba ya tatu, nikasimama. Kulikuwa na jambo moja analolijua mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo ni mimi. Nilisimama pale nikibishana na nafsi yangu, nikitaka kuondoka nalo. Kisha nikarudi. Alikuwa bado getini.

Nikamwambia kwamba mama hawezi kumeza vidonge vizima. Vinamkwama. Anavificha shavuni, ukigeuka anavitema chini ya mto, halafu anakwambia amekunywa. Avivunjevunje, avichanganye na asali, asiseme kitu, amwekee tu.

Mdogo wangu alinitazama. "Mbona mimi hajawahi kuniambia?"

"Ni kitu anachokionea aibu," nikasema. "Anamwambia mtu wake wa karibu tu."

Nikaliona neno hilo likiingia na kushuka mpaka chini. Nimeshaanza kusema ukweli, kwa hiyo nitasema na hili: nilifurahi. Furaha hiyo ilinibeba mpaka kwenye kona ya duka la dawa, nikitembea kifua mbele. Baada ya kona nilianza kulia, na nikalia njia nzima mchana kweupe, watu wa kiwandani wakinipita na kunisalimia, na sikuweza kumkadiria hata mmoja.